Jezi ya kombe msiitundike ukutani, mpeni mtu avae

Tangu Gor Mahia, timu yetu, ifungwe 2-1 na Nairobi United kwenye fainali ya Kombe la FKF, lile la shirikisho la soka Kenya, ile ya Juni 2025 pale Ulinzi Complex, hapa Kondele, Kisumu, huwezi kunywa chai kwa amani. Si kufungwa, kufungwa tumezoea, ni kufungwa na nani. Nairobi United wakati huo walikuwa bado wanacheza daraja la pili, ndio walikuwa wanajipanga kupanda, halafu wanakuja wanabeba kombe mbele ya Kogalo, yaani Gor, na ligi nayo Kenya Police walikuwa wameshaichukua, kwa hivyo msimu ukaisha kabati tupu. Haikutosha, hao hao wakaenda Afrika wakawatoa Étoile du Sahel ya Tunisia wakaingia makundi ya Kombe la Shirikisho. Tunisia jamani! Ukimtajia shabiki wa Gor habari ya Mtunisia umemgusa mahali, ju kumtoa Mtunisia ni hadithi yetu ya 1987, tulipobeba kombe la Afrika, hiyo ni mali ya boma, sasa mtoto wa juzi ameingia akakalia kiti cha mzee.

Kidonda kikiwa bado kibichi, Julai hiyo hiyo Liverpool wakatangaza hakuna mtu atavaa tena namba 20 ya Diogo Jota, aliyekufa tarehe 3 kwa ajali ya gari kule Uhispania yeye na ndugu yake. Timu ya wanaume, ya wanawake, mpaka watoto wa akademi, 20 imefungwa. Na venye Kisumu mtu huwa na timu mbili, moja ya Jumamosi kwa runinga na moja ya kumpandisha presha, mjadala ukaruka kutoka Liverpool ukatua Gor: na sisi mbona hatustaafishi namba za mashujaa wetu? Tustaafishe ya Peter Dawo wa kikosi cha 1987. Tustaafishe ya Austin Oduor Makamu, kapteni wa 1987. Mmoja akasema tustaafishe 12 iwe ya mashabiki kama Bayern Munich, na mama wa chai bila hata kuinua macho kwa mandazi akauliza mashabiki gani, hawa wa kuruka ukuta?

Mimi nilikataa pale kibandani na nakataa hapa tena.

Lakini nisikufiche, riziki yangu iko kwa namba. Nabandika namba na majina kwa jezi, nina mashine moja, ile kama pasi kubwa yenye kifuniko, unalaza jezi, unapanga namba na rula, unafunika, unahesabu pole pole mpaka 15, halafu unabandua ile karatasi ya juu ikiwa vuguvugu, ukiwa na haraka pembe inajikunja na mteja anarudi Jumatatu na maneno mengi. Namba nanunua Nairobi zikiwa zimekatwa tayari. 7 huisha kwanza, inafuata 10, halafu 9. 9 ikiisha nachukua 6 naipindua chini juu, basi. Nimevalisha mastraika wa mtaa wengi tu 6 iliyopinduliwa na hakuna hata mmoja amewahi kuja kuniambia kwamba hafungi mabao ju ya hiyo. Kwa hivyo mtu akianza kuniongelea utakatifu wa namba namsikiliza kwa heshima, lakini mimi nimeshika hiyo namba kabla haijawa ya mtu, na ni plastiki.

Anayeipa uzito ni mwenye kuivaa. Na hapo ndio nataka watu wafikirie vizuri, ju uzito wenyewe hauingii siku moja.

Chukua hii. Namba zilianza kuvaliwa kwa ligi ya Uingereza mwaka 1928, Arsenal walikuwa mmoja wa waliojaribu, ikaonekana ni vituko tu. Halafu fainali ya Kombe la FA ya 1933, Everton na Manchester City, wachezaji wote uwanjani wakapewa namba, lakini si hivi tunavyojua, Everton walivaa 1 mpaka 11, City wakavaa 12 mpaka 22, kipa wa City mgongoni ana 22. Straika wa Everton alikuwa Dixie Dean, yule wa mabao 60 ya ligi kwa msimu mmoja, 1927/28, na siku hiyo alivaa 9, wakashinda 3-0. Sasa niambie, kama kuna namba ilistahili kustaafishwa duniani si hiyo? Everton hawakufanya hivyo. Waliipitisha, ikavaliwa na Tommy Lawton, miaka ikaenda ikafika kwa Duncan Ferguson, na mpaka leo straika akisajiliwa Everton akapewa 9 anajua amebebeshwa mzigo. Huo mzigo wangeufungia kabatini 1938 Dean alipoondoka, saa hii 9 ya Everton ingekuwa swali la chemsha bongo.

Turudi kwetu. Pale kibandani kuna wazee wawili, wote walikuwa Kasarani Desemba 1987, ama ndivyo wanavyosema, maana ukihesabu watu wa Kisumu peke yake wanaosema walikuwa Kasarani siku hiyo uwanja ungepasuka. Tulikuwa tumetoka Tunis na sare ya 2-2 dhidi ya Espérance, nyumbani ikaisha 1-1, tukabeba kombe kwa mabao ya ugenini, na mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya imewahi kubeba kombe la Afrika. Hapo wazee hawapingani. Wakaja kwa jezi ya Dawo. Mmoja anaapa alikuwa anavaa hii, mwingine anaapa alikuwa anavaa ile, nusura chai imwagike, mmoja akaanza kutaja mpaka rangi ya soksi. Na mimi naona wote wawili wanaweza kuwa sawa, ju enzi hizo jezi ilikuwa ya nafasi, haikuwa ya mtu. Unaanza kulia unavaa ya kulia, wiki ijayo kocha amekusogeza katikati unavaa nyingine. Hata huko Uingereza namba ya mchezaji ya msimu mzima kwenye ligi kuu ilianza 1993/94, Italia wakafuata 1995. Sasa mnataka kustaafisha namba ya mtu wa 1987, namba gani, ya raundi ya kwanza ama ya fainali?

Halafu kuna jambo watu wa Gor hawapendi kukumbushwa, na mimi ni wa Gor kwa hivyo naruhusiwa. Kabla ya ile fainali ya 1987 kulikuwa na nyingine, 1979, kombe hilo hilo la washindi, na Canon Yaoundé ya Kameruni wakatufunga 2-0 nyumbani na 6-0 kwao. Nane bila. Jezi za kijani, namba 1 mpaka 11, zilitembea kichwa chini mpaka airport. Miaka minane baadaye namba hizo hizo, migongo mingine, zikarudi fainali zikashinda. Namba ilipata nafasi ya pili kwa sababu kuna mtu aliivaa tena. Mimi hiyo ndio naipenda kwa mpira kuliko sanamu yoyote.

Argentina wao walijaribu kabisa. Kombe la Dunia la 2002 walipeleka orodha isiyo na 10, ati ni ya Maradona pekee, wakaweka mtu 24 juu. FIFA wakawarudishia, wakasema namba ni 1 mpaka 23 na hakuna kuruka, 10 ikavaliwa na Ariel Ortega. Watu walikasirika. Sasa jaribu kufikiria wangekubaliwa. Ile picha ya Qatar 2022, Messi amebebwa juu juu na kombe mkononi, mgongoni angekuwa na nini, 19? FIFA huwa sina mengi mazuri ya kuwasema lakini siku hiyo, bila hata kujua, waliwaokoa Waargentina kutoka kwa mapenzi yao wenyewe. Napoli nao wamefungia 10 ya Maradona tangu 2000, sawa, lakini klabu ilipofilisika 2004 ikatupwa ligi ya chini ambako watu walikuwa wanavaa 1 mpaka 11, hiyo 10 ilibidi itolewe kabatini ivaliwe kwa viwanja vidogo vidogo huko. Heshima iliisha pesa ilipoisha.

Na Birmingham City, 2020, walistaafisha 22 ya Jude Bellingham akiwa na miaka 17 na mechi 44. Mechi 44! Hapa Kisumu kuna mtu amekuwa manamba wa matatu moja kwa muda mrefu kuliko hiyo. Naelewa mauzo yake yaliingizia klabu pesa wakati mgumu, lakini hiyo ni risiti, andika risiti.

Sasa kifo ni jambo lingine na sitaki mtu aseme nimemkosea Jota. Mtu ameoa Juni, Julai amezikwa, watoto watatu, klabu imechanganyikiwa, mashabiki wanalia nje ya uwanja, ukiniambia hapo nani atavaa 20 Agosti nitakwambia hakuna, na hakuna mtu wa kumlaumu. Siku hizo nilibandika 20 mpaka 2 zikaisha, nikawa naambia watu warudi kesho. Swali langu ni la baadaye, miaka kumi, ishirini ijayo.

Kwa hilo tunao mfano wa Mwafrika mwenzetu. Marc-Vivien Foé alianguka uwanjani tarehe 26 Juni 2003, Kameruni na Kolombia, nusu fainali ya Kombe la Mabara, pale Gerland, nyumbani kwa Lyon, klabu yake. Msimu huo alikuwa ameazimwa Manchester City, akavaa 23, na ndiye alifunga bao la mwisho la City kwenye ule uwanja wao wa zamani wa Maine Road. City wakafungia 23. Lyon nao wakafungia 17 aliyokuwa akivaa kwao. Kufika hapo ni sawa. Lakini 2008 Lyon wakamsajili Jean Makoun, Mkameruni, na 17 ikatoka, akaivaa yeye, kwenye nyasi zile zile Foé alizoangukia. Mimi hiyo ya Makoun ndio hunikaa moyoni. Ile 23 ya City imekaa kimya zaidi ya miaka 20, na vijana wananunua jezi ya City kwangu kila siku hawajui kuna namba haiwezekani wala ni ya nani. Ile 17, kila mara Makoun alipogusa mpira kuna mtu Yaoundé alikuwa anamkumbuka Foé, hata bila kutaka.

Sisi hii kitu tunaijua, ndio maana nashangaa tunaenda kuazima tabia za watu. Kwetu mtu akifa jina halizikwi naye. Mtoto anazaliwa, analia usiku kucha, nyonyo hataki, dawa hataki, nyanya anakaa kitandani anaanza kuyataja majina ya waliotangulia, moja moja, kwa jina fulani mtoto ananyamaza, basi, huyo ni yeye, amerudi. Waluhya wanafanya, Wajaluo wanafanya. Hakuna mtu anasema tulifungie jina la babu ju alikuwa mtu mkubwa sana. Kwa sababu alikuwa mkubwa ndio anapewa mtoto, na mtoto akiwa mjinga anaambiwa unaaibisha jina la watu. Hata Milan wamekaribia hapo, namba 3 ya Paolo Maldini imefungiwa lakini wakaacha mlango, ati mwanawe akifika timu ya wakubwa anaruhusiwa kuivaa. Daniel akafika. Akachagua 27. Wazungu bwana.

Acha niwape ya hapa karibu. Kuna timu ya mtaa, Nyalenda, sitaitaja, walikuwa na kiungo wao akagongwa na gari akiwa kwa bodaboda asubuhi anaenda kazini. Kijana mtulivu, mguu wa kushoto, namba 8. Wakaja kwangu na seti mpya, jezi 15, wakaniambia ruka 8. Nikaruka. Ile 8 ya zamani wakaifua, wakaipiga pasi, wakampelekea mama yake na fremu ya kioo, hotuba, watu wakalia. Imepita kama miezi minne naona kocha amerudi kwangu na ile jezi mkononi kwa karatasi ya nailoni, bila fremu. Nikauliza kulikoni. Akasema mama amemuita, amempa soda, akamwambia, mwanangu, asanteni, lakini nguo za marehemu si huwa zinagawanywa? Shati zake niligawa, viatu niligawa, hii moja mmeniachia hapa ukutani inaniangalia kila nikipika. Ipeleke mpe mtu.

Kwa hivyo wakairudisha kwa timu. Shida ikawa yule marehemu alikuwa mrefu, jezi ni kubwa, vijana wa kiungo wote wamekonda kama omena, ikabidi wajaribu mmoja mmoja, na aliyetoshwa ni kipa wa akiba. Kipa! Mpaka leo hiyo timu ina kipa wa akiba ana 8 mgongoni, ananiletea nibandike tena pembe zikitoka, na yule mama huenda mechi. Alikuwa hajawahi kwenda mechi kijana akiwa hai, ju Jumapili ni kanisa.

Nilisimulia hii kibandani, kijana mmoja hivi wa pale akanipinga, na alinipinga vizuri. Akasema, mzee wangu, hayo ya majina ni sawa kwa boma, lakini klabu zetu hazina boma. Hakuna mahali pameandikwa nani alivaa nini. Wachezaji wa zamani wakiwa wagonjwa tunaitisha mchango kwa simu, wakifa ndio tunajua walikuwa wakiishi wapi. Kustaafisha namba angalau ni kitu, angalau mtoto ataona kuna pengo kati ya 8 na 10 aulize.

Ana haki, na nilikaa kimya kidogo. Lakini hebu tazama vile neno lenyewe linatudanganya. Kenya mtu akistaafu anapewa pensheni, barua, hata saa ya ukutani. Namba ikistaafu nani analipwa? Haimgharimu mtu chochote, ndio maana ni rahisi kuipendekeza. Kiongozi wa klabu yenye deni la mishahara anaweza kusimama Jumamosi akastaafisha namba tatu na makofi akapigiwa. Mimi ukinipa nichague kati ya kumfungia mzee namba na kumlipia mzee bima ya hospitali, huhitaji kuniuliza mara mbili, na mzee mwenyewe pia usimuulize mara mbili. Na kuhusu kukumbukwa, Joe Kadenge, yule mwanasoka wa zamani, mtoto wa Vihiga, amefariki 2019, nani anajua namba yake? Lakini enda kokote kuanzia Mbale mpaka Malaba, mtoto wa chekechea akiupata mpira utasikia mtu mzima anapiga kelele Kadenge na mpira! Hakuna mtu alilifungia hilo jina, lingefungiwa lingekufa.

Kama ni fainali mnataka ikumbukwe, Victor Wanyama alishatuonyesha. Alipofika Celtic 2011 alichukua 67, namba ya ajabu kwa kiungo, watu wakadhani amekosa zingine. Kumbe 67 ni 1967, mwaka Celtic walifunga Inter 2-1 Lisbon wakawa klabu ya kwanza ya Britania kubeba Kombe la Ulaya. Kijana wa Kenya, baba yake alichezea AFC Leopards, hao Ingwe, mahasimu wetu wa jezi za buluu, anaenda Glasgow anavaa fainali ya babu za watu mgongoni, na Novemba 2012 akawafunga Barcelona kwa kichwa na hiyo 67 imeonekana dunia nzima. Wazee wa Celtic waliokuwa Lisbon walikuwa wanaiona ikikimbia. Hiyo ni tofauti na kuiangalia ukutani.

Kwa hivyo pendekezo langu, na nimelisema kwa sauti mpaka mama wa chai akaniambia nishushe: mpeni kijana mmoja wa Gor 87. Asiwe nyota, awe yule anayekimbia sana na hapewi sifa. Muiteni Dawo na wenzake waliobaki wamkabidhi wenyewe kabla ya mechi, wamwambie ile sare ya Tunis ilikuwaje, yeye akiondoka atafute wa kumpa. Akicheza vibaya tumzomee kama kawaida, tumwambie anaaibisha jina la watu.

Yule kijana aliyenipinga akasema sawa, anza na yangu basi, akavua jezi yake ya kijani pale pale akabaki na vesti, akanipa. Nikaenda nayo kibandani kwangu, nikawasha mashine, nikatoa 8 nyeupe, iko. Nikatafuta 7. Pakiti nyeupe imeisha tangu Ijumaa, wale wa Ronaldo walimaliza. Imebaki 7 moja chini ya droo, nzuri kabisa, haijakunjika, lakini ni ya buluu, niliinunua kwa kazi ya mtu wa Ingwe.

Nimempigia simu kumuuliza kama nibandike hivyo hivyo. Amekata.